Sentimita Kumi na Tano

Seol Myong-ok alikuwa mtu wa hesabu tangu utotoni, na wafanyakazi wenzake walimwita Mama Hesabu mbele yake na nyuma yake. Hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo ya baridi katika kiwanda cha Mzee Pyo cha kugandisha ngisi, katika mji wa pwani wa Jumunjin, hatua chache kutoka soko la samaki. Palikuwa na maghala matatu ya baridi, kompresa sita, na bili ya umeme iliyomtoa mzee jasho hata theluji ikiwa magotini.

Maghala hayo yalijengwa na baba yake Mzee Pyo, enzi ambazo umeme ulikuwa wa bei ya chee. Viungo vya kuta vilikuwa vimeachia. Baridi ilivuja nje, unyevu ukapenya ndani, barafu ikaota kwenye pembe za dari kama ndevu. Kila asubuhi watu wawili waliingia na nyundo kuigonga. Kwa miaka miwili Myong-ok alimwandama mzee na karatasi zake: tupulizie povu, kuta zote na dari. Ni povu linalotoka kwenye mpira likiwa majimaji kama uji, likagusa ukuta, likaumuka, na kabla hujahesabu ishirini limekuwa gumu kama ubao, halina upenyo wa hewa.

"Wenzetu wote wanapuliza sentimita kumi," Mzee Pyo alimwambia. "Wewe unataka kumi na tano. Unataka kunivalisha koti juu ya koti?"

"Kumi itakurudishia gharama mwaka wa tano, Mkurugenzi. Kumi na tano itachelewa, mwaka wa sita. Lakini kutoka hapo ni faida tupu, na ni kubwa kuliko ya kumi, miaka ishirini na mitano mfululizo."

"Ishirini na mitano! Mimi nitakuwa udongoni."

"Mwanao hatakuwa udongoni."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Alipomaliza kukohoa, uso wake haukuwa na kicheko tena. "Haya. Puliza. Ila bili ya majira haya ya baridi isiposhuka kwa theluthi moja, Meneja Seol, utakuja mezani kwangu na barua mkononi. Mimi sitakufukuza. Utajiondoa mwenyewe."

Tangu siku hiyo Myong-ok alilala na hizo sentimita kumi na tano na akaamka nazo. Fundi wa povu, Byon Jae-dok, mtu wa maneno machache, alikuja na vijana wake wanne waliovaa mavazi meupe na barakoa zenye mipira ya hewa, wakapuliza ghala la kwanza, wakapuliza la pili. Myong-ok aliwasimamia kama mama mwenye harusi. Ilipofika zamu ya ghala la tatu, alianza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya baridi kali kuingia, na siku hazikumtosha.

"Fundi Byon, nipunguzie siku mbili."

"Povu halikimbizwi, Meneja. Nikishapuliza na kupaka ile rangi ya kuzuia moto, kuna kupunguza vinundu, kuna kufungua vyote tulivyovifunika kwa nailoni..."

"Hayo mtayafanya kwa maghala yote matatu pamoja, nikishapima. Nataka ghala lianze kupoa Jumanne."

Byon akajikuna shingo. "Mwenye nyumba ni wewe," akasema, akaenda kufungasha mipira yake.

Alhamisi ghala la tatu lilikuwa limeshuka hadi nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri, tupu, halina hata kreti moja. Mlangoni Myong-ok alibandika karatasi kwa mkono wake: MAJARIBIO. MLANGO USIFUNGULIWE HADI IJUMAA SAA MBILI ASUBUHI. Ofisini aliaga kwamba akishakula ataenda ofisi ya umeme mjini Gangneung, na kutoka huko atapitiliza nyumbani. Nyumbani kabichi themanini zilikuwa zimelala kwenye chumvi tangu jana, zikisubiri kutiwa pilipili kwa ajili ya kimchi, kachumbari ya kuchachushwa, ya mwaka mzima, na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kusubirishwa.

Saa sita na dakika kumi watu walikwenda kantini. Yeye hakwenda. Alitaka kuona namba za kuta peke yake kwanza, kabla hazijaonwa na macho mengine. Zikiwa mbaya, angalau atakuwa na mchana mmoja wa kutafuta la kusema. Sheria ya kiwanda ilikataza mtu kuingia ghala la baridi bila mwenzake, na aliyeiandika sheria hiyo ni yeye. *Dakika tano,* alijiambia. *Huko si kuingia, ni kuchungulia.*

Alivaa koti nene la kiwanda juu ya suruali yake ya ofisini na glavu nyepesi, zile zinazoruhusu mtu kushika kalamu. Akachukua kipima joto cha kulenga, sindano ndefu ya chuma yenye alama za kupimia unene wa povu, na ubao wake wa bati wa kubania karatasi. Akawasha taa kwa swichi ya nje. Akavuta kamba, mlango mzito wa umeme ukateleza kando. Aliuacha wazi kwa upana wa bega, akapita.

Namba zilikuwa nzuri. Ukuta wa kaskazini, mzuri. Dari, nzuri. Alikwenda hadi pembe ya mwisho, nyuma ya mtambo mkubwa wa mapangaboi, mahali ambapo barafu ilikuwa ikiota kila mwaka, akalenga. Hata pale hapakuwa na kasoro. Mapangaboi yalinguruma juu ya kichwa chake na kofia ya koti ilimziba masikio, naye alikuwa akitabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Taa zikazimika.

Alicheka kwanza. "Nani huyo? Mimi nimo humu! Washa!"

Sauti yake haikwenda popote. Ilitoka mdomoni ikafa palepale, kama mtu anayesema na mto usoni. Aligeuka kutafuta ule mstari wa mwanga wa mlangoni. Haukuwepo. Giza lilikuwa moja, mbele, nyuma, juu, na alipopeleka mkono mbele ya macho yake hakuuona.

"Washa taa!" akapiga kelele, akimwita dereva wa mizigo ambaye hupita pale kila mchana. "Mzee Ku! Yeyote!"

Alitembea mikono mbele, akiburuta miguu, mpaka akagonga ukuta. Akaufuata ukuta kwa kiganja. Alikuta pembe, akaifuata, na mwishowe vidole vikagusa kitu baridi kuliko vyote, chuma cha mlango. Akasukuma. Akapiga kwa ngumi, kisha kwa ubao wa bati. Mlango ulikuwa mnene kama godoro la harusi, ulimeza kila pigo.

*Tulia,* alijisemea. *Kitufe.* Kila ghala lilikuwa na vitufe viwili kwa ndani, ukutani kando ya mlango: cha kijani cha kufungulia, na chekundu cha kengele ya hatari. Aliwahi kuvipangusa vumbi kwa kitambaa mwenyewe. Akanyoosha mkono, akapapasa. Ukuta laini. Akashuka chini, akapanda juu, akaenda upande wa pili wa mlango, akarudi. Palikuwa laini kotekote, povu na rangi yake, vinundu vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa.

Ndipo maneno ya Fundi Byon yakamrudia. *Kufungua vyote tulivyovifunika kwa nailoni.*

Vitufe vilikuwepo. Vilikuwa mle ndani ya ukuta, vimefungwa nailoni, vimezikwa chini ya povu, na aliyewakataza mafundi wasivifukue ni yeye mwenyewe, kwa ajili ya siku mbili.

Alitoa simu kifuani. Mtandao haukuwepo, na hakuutarajia, maana nje ya povu kulikuwa na mabati. Aliwasha taa ya simu, akaona pumzi yake inavyotoka nyeupe, akaona ukuta mweupe usio na alama yoyote. Chaji ilisoma thelathini na moja, kisha kumi na tisa, kisha baridi ikaimaliza yote na simu ikazimika mkononi kama kitu kilichokata roho. Giza la mara ya pili lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Mtu wa hesabu hawezi kujizuia kuhesabu. Alijua koti lile lilitengenezwa kwa kukaa ndani nusu saa. Alijua suruali yake haikutengenezwa kwa lolote. Alijua upepo wa mapangaboi unazidisha baridi mara ngapi. Ofisini wanajua yuko Gangneung. Nyumbani wanajua atachelewa. Mumewe yuko melini, Busan. Mlangoni pana karatasi yenye mwandiko wake, inawakataza watu wasifungue hadi kesho saa mbili. Saa ishirini. Na mwili wake, akiupigia hesabu kama anavyopiga hesabu ya bomba la maji, ulikuwa na saa mbili. Labda tatu. Alijaribu kuikosoa hesabu hiyo, ikakataa kukosolewa.

Alianza kupiga mayowe. Alipiga mayowe yasiyo na maneno, mpaka koo likawaka, na hewa ile ya baridi ikamwingia kifuani kama visu. Machozi yalimtoka, yakaganda kwenye kope, jicho moja likashikamana. Hilo lilimtisha kupita yote. Alilisugua kwa glavu kama mtoto, akaacha kulia kwa sababu ya woga wa machozi.

Halafu mapangaboi yakasimama.

Kimya kilichofuata kilikuwa kama kuzama kisimani. Alisikia damu yake masikioni. Alisubiri mtambo uwake tena. Katika yale maghala ya zamani kompresa haikupumzika zaidi ya dakika nne, baridi ilikuwa inavuja mno. Alihesabu dakika nne. Akahesabu nane. Kumi na mbili. Mtambo haukuwaka, kwa sababu haukuwa na haja ya kuwaka. Baridi yote ilikuwa mle mle ndani, haijatoka hata chembe.

*Linafanya kazi,* aliwaza. *Povu linafanya kazi.* Kwa muda mfupi sana alifurahi, furaha ya kweli ya fundi, kisha nywele zikamsimama. Kama baridi haitoki, na sauti haitoki, basi hata yeye hatatoka.

Upepo ulipokuwa umekoma aliweza kufikiri kidogo. Alitoa karatasi zote kwenye ubao wa bati, akazisokomeza chini ya koti, kifuani na tumboni. Mkononi akabaki na ubao na ile sindano. Akaishika sindano, akaipitisha vidole, akazihisi alama zake, sentimita moja, moja, moja. Hapo akili ikamjia.

Povu lote lilikuwa na unene wa kumi na tano. Alilisimamia yeye. Ukichoma popote, sindano itaingia kumi na tano ndipo igonge bati. Lakini kitufe kimekaa ndani ya kisanduku, na kisanduku kimetokeza ukutani. Juu ya kisanduku povu lazima liwe jembamba zaidi. Sindano itagota mapema.

Alisimama kando ya mlango, akaweka bega lake kwenye fremu, akaanza kuchoma. Rangi ya juu ilikuwa ngumu, ilimbidi aegemee sindano kwa uzito wote. Ikaingia, ikaenda, ikagota. Alipima kwa kidole: kumi na tano. Akachomoa, akasogea upana wa vidole viwili. Kumi na tano. Akasogea. Kumi na tano. Alichoma safu nzima usawa wa bega, akashuka, akachoma nyingine usawa wa kifua. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano. Hakuna mahali vijana wa Byon walipopunja. Aliwalaani kwa uaminifu wao.

Mapangaboi yakawaka tena, upepo ukampiga mgongoni. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeacha kuuma, na alijua maana ya kuacha kuuma. Alihamisha sindano mkono wa kushoto. Wakati huohuo wazo baya likamwingia: upande gani? Kila siku alikuwa akiingia, vitufe akiviona kulia kwake akitoka. Kulia akitoka. Sasa amesimama ameupa mlango uso, kwa hiyo ni kulia. Na yeye alikuwa akichoma kushoto. Au alikuwa ameupa mlango mgongo? Alizunguka gizani kutafuta uhakika, akapoteza hata ule aliokuwa nao. Ilimbidi apapase mlango mzima kutoka mwanzo, aone unateleza kwenda wapi, ndipo akajua. Alikuwa amepoteza safu mbili nzima kwenye upande usiokuwa wenyewe.

Akahamia kulia. Hakuwa na nguvu za kulia wala kujilaumu. Alichoma. Kumi na tano. Alichoma. Kumi na tano. Usingizi ulianza kumjia, usingizi mtamu wa ajabu, na akaziwazia zile kabichi zilizolala kwenye chumvi, jinsi zinavyolegea majani, jinsi mama mkwe atakavyosema *zimekolea mno, yuko wapi huyu mwanamke*, na akaona si vibaya na yeye alale kidogo kando yao. Sindano ilikuwa ukutani bado. Aliegemea tu, kwa mazoea.

Ikagota.

Alipima. Akapima tena, maana kidole hakikuwa na hisia, akapima kwa mdomo, kwa ulimi, alama moja baada ya nyingine, chuma kikimnasa ulimi. Saba.

Usingizi ukakimbia. Alichoma pembeni: saba. Chini yake: saba. Chini zaidi: kumi na tano. Kisanduku! Akashika ubao wa bati kwa mikono miwili, akapiga ukuta kwa kona yake kama mtu anayelima kwenye mwamba. Rangi ikapasuka. Povu likaanza kutoka vipande vipande, likimwagika kwenye viatu. Alilima, akachokonoa kwa sindano, sindano ikapinda, akailaza na kuinyoosha kwa mguu, akachokonoa tena. Nyumbani kwao mlango ulifunguliwa kwa namba, hakuwa na hata ufunguo mmoja wa kumsaidia. Alitumia kucha. Glavu zilichanika, kucha zikaenda, hakusikia maumivu, na kutosikia maumivu ndiko kulikomsukuma alime kwa kasi zaidi.

Mkono ukagusa nailoni. Akaing'ata kwa meno, akaivuta. Chini yake kulikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama kifuniko cha chupa. Kimoja tu. Hakujua ni cha kijani au chekundu. Akakibonyeza kwa kiwiko, kwa kuwa vidole havikutii.

Kikalia *tak*. Mlango haukutikisika.

Kwa hiyo ni cha kengele. Cha kijani kilikuwa mahali pengine chini ya povu, na mikono yake haikuwa na nguvu ya kulima tena. Kengele iko huko mbali, kwenye chumba cha kompresa. Kama inalia, yeye hawezi kuisikia. Kama nyaya zimekatika, hawezi kujua. Alibonyeza akashikilia, akahesabu hadi mia moja. Hakuna kilichotokea. Akahesabu mia nyingine. Giza, mapangaboi, pumzi yake. Hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wote aliokuwa mle, kwa sababu alikuwa ameshafanya kila lililowezekana na lilikuwa limekwisha. Hakubakiwa na jingine la kufanya ila kubonyeza. Basi akabonyeza. Akaachia. Akabonyeza. Kila alipovuta pumzi alibonyeza, kila alipotoa aliachia, na alijiambia kwamba hataacha kimoja kabla ya kingine.

Hakujua ilichukua muda gani. Mlango ulifunguka na mwanga ukamwangukia kama maji ya moto.

Mlangoni alisimama Mzee Ku Pan-su, dereva wa gari la kunyanyulia mizigo, ana kijiti cha meno mdomoni na kikombe cha karatasi cha kahawa mkononi. Alitazama vipande vya povu sakafuni, akatazama tundu ukutani, kisha akamwona mtu aliyepiga magoti ameegemeza kiwiko ukutani, nywele nyeupe kwa baridi.

"Mama Hesabu?" alinong'ona. Kikombe kikamponyoka. "Mama wee! Mama wee! Njooni! Njooni jamani, kuna mtu!"

Alimbeba kama gunia la mchele hadi chumba cha mapumziko chenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, wanawake wa kantini wakamvua viatu, wakamfunika mablanketi, wakampa chai ya shayiri kijiko kwa kijiko. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini na tano. Alikuwa amekaa mle saa moja na robo. Yeye angeapa ni siku.

"Mimi ndiye niliyefunga," alisema Mzee Ku. Alikuwa amepiga magoti pembeni, kofia mkononi. "Mimi. Nimepita naenda kula, nikaona mlango wazi, taa inawaka. Nikasema, leo Mama Hesabu akiona taa inawaka bure, atatupigia kelele mpaka mwezi ujao. Niliita, wallahi... niliita, 'Kuna mtu?' mara mbili. Nikazima, nikafunga. Nilijiona mtu mwema!"

Myong-ok alitaka kumwambia si kosa lake. Taya hazikumruhusu.

"Na kengele?" akauliza mpishi.

"Imelia wiki nzima bila sababu tangu mafundi waguse nyaya," alisema Mzee Ku. " Karani Chu wa chumba cha kompresa aliinuka akasema povu limeitia wazimu tena, akataka kung'oa waya. Nikamwambia ngoja. Kengele mbovu hulia tu kama mtoto aliyedeka. Hii ya ghala la tatu inalia, inanyamaza, inalia, inanyamaza. Nikamwambia, bwana mdogo, hiyo inahema." Akajifuta pua kwa kofia. "Na bado nikamalizia kahawa nusu kikombe kabla ya kuja. Mungu anisamehe."

Mzee Pyo aliingia humo, mahali pa kuvua viatu, akiwa na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alikaa sakafuni. Aliangalia vidole viwili vya Myong-ok vilivyokuwa vyeupe kama nta.

"Povu lako lingeniulia mtu," akasema.

"Si povu, Mkurugenzi." Maneno yalitoka moja moja. "Mimi. Nilimharakisha Byon. Nilimwambia asi..."

Macho yakamtoka. Akaanza kusukuma mablanketi.

"Lala chini!" mpishi akamkemea. "Gari la wagonjwa liko njiani!"

"La pili," alisema Myong-ok. "Hata ghala la pili nilimwambia asifukue. Na la kwanza."

Alitoka pekupeku, blanketi mabegani, Mzee Ku akimshika mkono huu na Mzee Pyo ule. Ndani ya ghala la pili wanawake saba walikuwa wakipanga ngisi kwenye kreti, wakipiga soga, pumzi zao zikifuka. Walikuwa wakifanya kazi mle siku ya tisa. Mkubwa wao, mama mmoja mnene aliyeitwa Shangazi Kum-ja, aliwaona akacheka.

"Haya, bibi harusi kaja na wapambe wawili! Na miguu mitupu!"

"Tokeni," alisema Myong-ok kutoka nje ya mlango. Hakuweza kuuvuka. "Tokeni wote. Sasa hivi."

Waliona uso wake, wakatoka. Mzee Ku aliingia na tochi, akamulika ukuta wa kando ya mlango, wote wakatazama. Ulikuwa mweupe, laini, hauna kitu.

"Shangazi," Myong-ok aliuliza, "mlango ukijifunga mnatokaje?"

"Haujifungi. Tunaweka kreti hapo chini, si unaiona."

"Na siku msipoiweka?"

Shangazi Kum-ja alifungua mdomo ajibu kwa mzaha, kama kawaida yake. Akatazama kreti. Akatazama ukuta. Mmoja wa wanawake wale, mjamzito wa miezi mitano, alishika tumbo lake, na hapo Myong-ok akakaa kwenye saruji palepale.

Fundi Byon alikuja kesho yake alfajiri na kisu chake. Alifukua vitufe vitano vilivyobaki kwa mkono wake, bila kumwachia kijana hata mmoja. Alipomaliza alikwenda hospitali Gangneung, akainama mbele ya kitanda mpaka paji likagusa sakafu. Myong-ok, mikono imefungwa bandeji, alishuka kitandani akainama naye. Hakuna aliyejua nani aanze kuinuka. Baadaye aliandika taarifa kwa wakaguzi wa usalama, ukurasa wa kwanza jina lake, na kiwanda kikalipa faini. Mzee Pyo alilipa bila kunung'unika. Kidole kimoja cha Myong-ok hakikupata hisia tena.

Majira ya baridi yalikuja, makali kuliko ya mwaka uliotangulia. Bili ya Januari ilishuka kwa karibu sehemu mbili kwa tano, na ya Februari ikashuka zaidi. Barafu haikuota popote, nyundo zikapata kutu. Mzee Pyo aliacha kuzungumzia udongo, akaanza kuwaleta wenye viwanda wenzake kutoka pwani nzima waje kuona, akiwaambia mwaka wa sita, mwaka wa sita, kama aliyeigundua hesabu hiyo yeye.

Wageni walipouliza maswali ya kitaalamu aliitwa Meneja Seol. Alikuja na karatasi zake. Alijua kila namba kwa moyo: unene, umeme uliookolewa, miaka. Wageni waliingia ndani ya ghala la tatu, wakapigapiga kuta, wakastaajabu.

"Ingia basi utuoneshe pale pembeni," mmoja alimwambia siku moja, mtu mchangamfu kutoka Sokcho. "Au mwenye ghala anaogopa baridi?"

"Kutoka hapa naiona," alisema Myong-ok.

Alisimama nje ya kizingiti, kiatu kimoja kimebana reli ya mlango usiweze kujifunga, mkono umeshika fremu kwa nguvu mpaka vifundo vikawa vyeupe, akawaeleza yote tokea hapo, kwa sauti ambayo wao waliiona ya kawaida kabisa. Nyuma yake, bila kuitwa, Mzee Ku alikuwa amezima gari lake na kushuka. Alisimama pale mikono nyuma, akiwahesabu wageni kwa midomo mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akatoka.